Boriti Juu ya Kwaya

Jumatatu, 2 Februari

Padre mpya amefunga kanisa.

Hakunitumia ujumbe wala hakunipigia simu. Nimejionea mwenyewe saa ya mazoezi, nimesimama na watoto mvuani, fidla zao zimefungwa kwenye mifuko ya plastiki, na mlangoni kuna kufuli na kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene: Misa itasomwa nje, barazani. Ndani haingii mtu. Zoraida, mwalimu wao wa muziki, alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyefunga.

Nilikwenda nyumbani kwa padre vilevile nilivyolowa. Nilimkuta jikoni anamenya viazi. Anaitwa Fulgencio Choque, ametoka Potosí, milimani kabisa, na tangu alipofika kwetu San Cosme, huku bondeni, mwezi Desemba sijamwona akigusa muhogo. Alinipa kiti. Alisema boriti iliyo juu ya mahali pa kwaya imeoza kwa ndani, na haamini kama itaumaliza msimu huu wa mvua. Nilimwuliza ni fundi gani aliyemwambia. Akasema hakuna fundi, ameisikia mwenyewe.

"Umeisikia?"

"Inalia, doña Nelvi. Kanisa likiwa kimya. Njoo siku moja usikilize."

Nilimwambia mbao za kanisa hili zinalia tangu enzi za bibi wa bibi yangu, mvua ikija zinavimba, jua likija zinasinyaa, na hakuna aliyewahi kufa kwa hilo. Nilimwambia tamasha letu la muziki wa kale, ninaloliandaa mimi, ni Jumapili ya Pasaka kama kila mwaka, na kwamba muziki huo ulinakiliwa kwa mkono na wazee wetu wenyewe ili upigwe ndani ya kuta zile. Ukiupiga penginepo ni kama kunong'ona sokoni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akarudi kwenye viazi vyake.

Jumanne, 3 Februari

Mvua. Mume wangu Rómulo anasema mkolla akishasema hapana, kumbembeleza ni kupoteza mate. Mkolla ndivyo tunavyowaita watu wa milimani wakiwa hawapo. Nilicheka, lakini chakula cha mchana hakikupita.

Jumatano, 11 Februari

Mazoezi yamehamia kwangu, kwenye kibaraza cha nyuma ya duka langu la dawa. Wateja wanakuja kununua vidonge vya kichwa, na nadhani nusu yao wanavihitaji kwa sababu yetu.

Unyevu unatumaliza. Selo, ile fidla kubwa inayobanwa magotini, imeachia gundi ubavuni. Nyuzi zetu ni za utumbo wa kondoo, kama za zamani, na kwa hewa hii zinalegea kabla wimbo haujafika katikati. Yhoselin Parabá, kiongozi wetu wa fidla, anakaza, anasikiliza, anakaza tena, wala halalamiki. Ana miaka kumi na sita. Anapiga fidla kama mtu anayeongea na mtu mmoja tu. Mdogo wake Einar, wa miaka kumi, anaimba sauti ya juu, na akimaliza anauliza kama kuna biskuti.

Mama yao, doña Ignacia, anauza cuñapé, vile vimkate vya jibini na wanga wa muhogo, pembeni mwa uwanja wa kanisa. Miaka yote hii hajaja kwenye tamasha hata mara moja. Nilipomwuliza mwaka jana alinijibu kwamba anasikia vizuri kutoka pale alipo. Kuna wazazi wa namna hiyo. Mtoto anapewa kipaji na mama anapewa kikapu cha vimkate.

Jumatatu, 16 Februari

Karnivali. Nimemwagiwa rangi ya zambarau na mtu niliyemuuzia dawa ya minyoo jana.

Ijumaa, 20 Februari

Habari kubwa. Maestro Lisandro amekubali kuja na kundi lake la wapiga muziki kutoka jiji la Santa Cruz. Watapiga Jumatatu ya Pasaka, lakini atafika Jumapili ili awasikie watoto wetu, na hasa amsikie Yhoselin. Kwenye shule yake ya muziki kuna nafasi moja ya fidla, ya bure, na anataka kuijaza mwaka huu.

Nilikimbia kumwambia. Alikuwa anamsaidia mama yake kukuna jibini. Alifikiri kidogo, akaniuliza swali moja tu: "Atanisikia kanisani au kibarazani kwako?"

Swali hilo limenizunguka kichwani siku nzima kama nzi. Nimefagia duka mara mbili. Nimepanga upya rafu za dawa za kikohozi. Rómulo amesema nikae chini, nikamwambia akae yeye.

Alhamisi, 26 Februari

Nimekwenda mpaka mji wa askofu, tope hadi kwenye vioo vya gari. Askofu hayupo, yuko safarini, nikapokelewa na katibu wake, mzee mmoja mpole mwenye mafua. Nilimweleza yote. Nilisema padre wetu ni mgeni, hajui mbao za huku, na watoto wanaadhibiwa bila kosa. Labda nilisema zaidi ya hapo. Akasema kama fundi wa halmashauri atakagua na kuridhika, kanisa lifunguliwe.

Nimerudi nimechoka na nimefurahi.

Alhamisi, 5 Machi

Meya amemleta fundi wake leo. Meya mwenyewe alilipaka kanisa rangi mpya mwaka jana, na hapendi kusikia kwamba chini ya rangi kuna kitu. Fundi aliwasha tochi, akaielekeza juu, akazunguka shingo imekakamaa, akagonga nguzo moja kwa funguo zake, akasema safi. Padre Choque alimwuliza kama hatapanda ngazi. Fundi akasema ngazi ipo halmashauri na halmashauri imefungwa.

Jumamosi, 7 Machi

Nilikwenda kuchukua ufunguo. Padre alikuwa mezani anakula supu. Alisoma karatasi ya fundi, akaikunja, kisha akautoa ufunguo mfukoni na kuuweka mezani, karibu na chumvi.

"Sikupi," alisema. "Nauweka mezani tu."

Nikauchukua.

Jumapili, 8 Machi

Mvua haijakata.

Jumatano, 11 Machi

Sijui nianzie wapi. Bado nina hasira.

Tuliingia kanisani leo mchana, watoto wote. Walikuwa wamekosa mahali pale mwezi mzima, ikaonekana. Kibarazani kwangu wanapiga kama wanaoomba radhi. Mle ndani, noti ya kwanza ya Yhoselin ilipanda, ikazunguka nguzo, ikarudi imenenepa, na nikaona mabega ya watoto yakishuka. Zoraida alifumba macho. Einar aliimba ubeti wake bila kuvuta kamasi. Nikasema moyoni, hivi ndivyo Maestro Lisandro atakavyosikia.

Ndipo padre alipoingia. Amevaa buti za mvua. Alitembea katikati ya kanisa, akapita kati ya watoto, akasimama mahali pa kwaya, chini kabisa ya boriti, nyuma ya Einar. Akafumbata mikono.

Nilimwuliza anafanya nini.

"Nasimama," alisema. "Endeleeni. Likitokea la kutokea nisiwe jikoni."

Niliwaambia watoto wasimjali. Wakaendelea. Lakini Yhoselin alikuwa amemtazama padre, kisha akatazama juu, na sauti ya fidla yake ikawa nyembamba, nyembamba, mpaka ikaisha. Akashusha upinde. Wengine nao mmoja mmoja wakanyamaza. Akamshika Einar mkono, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja ukurasa: "Tunatoka." Wakatoka. Wote. Pamoja na selo.

Nilimfuata hadi barazani. Nilimwambia ananiaibisha, anamwaibisha mwalimu wake, na anaitupa nafasi ambayo watoto wa mjini wangeililia. Alisubiri nimalize.

"Nilikuwa napiga, doña Nelvi," alisema, "nikasikia noti ambayo haikuwa yetu."

Nilimwambia ametiwa hofu na mkolla. Akasema huenda. Kisha akaifunika fidla yake na kwenda kumsaidia mama yake kufunga meza, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza tena.

Alhamisi, 12 Machi

Zoraida amechukua upande wa watoto. Kisha anasema hakuna pande. Ninapouza dawa nahesabu vibaya chenji.

Jumatatu, 16 Machi

Mazoezi kibarazani. Hakuna anayeongea nami zaidi ya lazima, isipokuwa Einar, aliyeuliza kuhusu biskuti.

Jumamosi, 21 Machi

Nimeamua hivi. Watoto wapige Jumapili kwenye uwanja wa michezo wa shule, chini ya paa la bati, kama wanavyotaka. Kundi la Maestro Lisandro litapiga kanisani Jumatatu. Wageni wasikose kanisa kwa sababu ya masikio ya msichana mmoja. Nimemwambia Zoraida. Alisema, "Ufunguo unao wewe," akaondoka.

Jumanne, 24 Machi

Nataka kuandika kwa utaratibu.

Baada ya chakula cha mchana mji wote ulikuwa umelala, kama kawaida. Mvua ilikuwa imepumzika. Zoraida alihitaji vile vishikio vya mbao vya kuwekea nota, vilivyobaki kanisani tangu siku ile tulipotoka. Mimi nilikuwa na mteja. Einar alikuwa ananing'inia kwenye kaunta yangu. Nikavua ufunguo shingoni, nikampa. Nilimwambia aende mbio, alete vile vitatu au vinne atakavyoweza kubeba, asichezechezee humo ndani. Alikwenda mbio kweli. Nilimwona akikata uwanja, anaruka madimbwi.

Nilikuwa nampimia mteja dawa ya mtoto niliposikia. Ilikuwa kama lori linalomwaga kokoto, ila haikuisha pale lori lingeishia. Kisha kimya. Kisha mbwa wote.

Sikumbuki kuvuka uwanja. Nakumbuka vumbi likitoka mlangoni mwa kanisa taratibu, kama moshi wa jiko, na doña Ignacia akikimbia kutoka upande wa pili, kapoteza kandambili moja. Hakupiga kelele. Aliita jina la mwanawe mara moja moja, kila mara kwa sauti ileile.

Einar alikuwa mlangoni. Amesimama, mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, mikono yake imekumbatia kishikio kimoja cha nota. Mama yake alimpapasa kichwa, mabega, mbavu, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. Alikuwa mzima. Akanyoosha kidole ndani.

"Padre," alisema. "Aliniona nikikimbia, akanifuata mlangoni, akaninyang'anya ufunguo. Alisema nisubiri hapa, atavitoa yeye. Alitoa hiki, akarudi kuvileta vingine."

Waliingia Rómulo na vijana watano wa gereji. Boriti ilikuwa imekatika katikati, imelala palepale watoto wanaposimama, na vigae vya nusu ya paa viko juu yake. Ndani ya ule mti kulikuwa na unga tu. Ungeweza kuuchota kwa kijiko. Padre walimkuta ubavuni mwa nguzo ya tatu, nguzo ndiyo iliyomkinga. Mguu umevunjika, na mfupa wa bega pia, na uso wake sikuutambua mpaka nilipomfuta.

Barabara ya kwenda hospitali imekatwa na mto tangu jana. Tulimlaza nyumbani kwake. Muuguzi wa zahanati alimfunga mguu kwa mbao za boksi la machungwa, nami nilimshikilia mabega. Hakulia. Alinibana mkono tu, na alama za vidole vyake bado zipo.

Nilipotoka, doña Ignacia alikuwa ananisubiri nje. Nilijiandaa kutukanwa. Nadhani nilitaka kutukanwa.

"Ulimtuma mwanangu," alisema.

Nikasema ndiyo.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyethibitisha bei ya kitu. Akasema watoto wake hawatakanyaga tena kwangu, akaenda zake akiwa na kandambili moja.

Jumatano, 25 Machi

Nimempelekea padre dawa za maumivu. Ana homa. Mvua.

Alhamisi, 26 Machi

Homa imeshuka. Nimepika viazi.

Ijumaa, 27 Machi

Wazazi karibu wote wamewaondoa watoto. Zoraida alikuja na selo, akaiegemeza ukutani, akasema haina mpigaji. Nimeamua kuwapigia simu watu wa Santa Cruz wasije. Mtandao haukushika. Nimejaribu tena na tena, nikizunguka na simu juu uani kama mwendawazimu, mpaka Rómulo akaninyang'anya.

Jumamosi, 28 Machi

Leo padre aliweza kukaa. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyempa Einar ufunguo. Akasema anajua, mtoto alimwambia mlangoni. Nilisubiri. Alikuwa anaangalia kikombe chake cha chai.

"Boriti ingeanguka tu," alisema. "Ufunguo ndio ulikuwa wako."

Hakuongeza kunifariji, na nilimshukuru kwa hilo.

Kisha akanisimulia habari za kwao. Baba yake alikuwa mchimba madini, na kazi yake mlimani ilikuwa kusimamisha miti inayozuia miamba. Akiwa mdogo alishushwa naye chini mara kadhaa. Huko watu hufanya kazi bila kuimba wala kupiga soga wakiwa karibu na miti, ili waisikie. Mti ukianza kulia, unaacha sururu palepale na kutoka, huulizi. Baba yake alitoka kila mara isipokuwa mara moja.

Nilibaki na sahani mkononi. Miezi miwili nimekuwa nikimwita mbishi.

Ndipo akaniuliza kwa nini hasikii fidla. Tangu Februari amekuwa akitusikia kila siku kutoka jikoni kwake, ambako ukuta ni mmoja na kibaraza changu. Nikamwambia tamasha limekufa. Akasema hajui sana muziki, na kinubi cha Zoraida kinamsumbua meno, lakini watoto walitoka wazima mle ndani na sasa wanakaa majumbani kama wenye hatia. Akasema nimwendee mama yao.

Nikasema hatanipokea.

"Basi asikupokee," alisema. "Lakini uwe umekwenda."

Jumapili, 29 Machi

Jumapili ya Matawi. Nimepita mbele ya meza ya doña Ignacia mara tatu na sikusimama.

Jumatatu, 30 Machi

Nimekwenda nyumbani kwake. Alikuwa anachekecha wanga wa muhogo. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Alisogeza chekeche la pili kwa mguu, nikakaa, nikachekecha. Tulifanya kazi hiyo mpaka gunia likaisha, mikono yangu imekuwa myeupe, bila neno. Yhoselin alipita, akatuona, akarudi alikotoka.

Nilisema nilichokuja kusema. Kwamba nilikosa, kwamba binti yake alisikia nilichokataa kusikia, na kwamba sikuja kumwomba kitu kwa ajili yangu.

Alipangusa mikono. Akaniambia kitu nilichokuwa sikijui. Kila mwaka hauzi chochote saa za tamasha. Anafunika kikapu na kukaa kwenye ngazi za pembeni ya kanisa, nje, mpaka noti ya mwisho. Haingii kwa sababu mara ya kwanza aliyokwenda, mtu wa halmashauri mlangoni alimwambia viti ni vya wageni. Nilikuwa ndani siku ile, nawapangia wageni hao viti.

"Watapiga," alisema. "Lakini safari hii nakaa mbele. Nikisema tokeni, wanatoka. Siyo wewe, siyo mwalimu, siyo meya. Mimi."

Nikasema sawa, doña Ignacia.

"Na mvulana wangu usimpe biskuti kabla hajala."

Alhamisi, 2 Aprili

Watoto wamerudi, karibu wote. Mazoezi asubuhi na jioni kwenye uwanja wa michezo. Chini ya bati sauti inapotea hewani, haina ukuta wa kuirudisha. Yhoselin amewabadilishia mkao. Badala ya kutazama watu, wamekaa nusu duara, wanatazamana. Zoraida alimwachia, akaketi kwenye kinubi chake. Nilitaka kusema kitu kuhusu wageni kuona migongo. Nimenyamaza.

Jumamosi, 4 Aprili

Mto umepanda tena. Basi la Maestro Lisandro limekwama upande wa pili, hawezi kuvuka. Sauti yake ilikatikakatika kwenye simu. Nilimwambia Yhoselin mwenyewe, uso kwa uso. Alisema, "Sawa," na nikaona afadhali angelia.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka.

Watu walianza kuja mchana, kila mmoja na kiti chake cha nyumbani. Wageni kutoka mbali hawakuwapo hata mmoja. Walikuwa wetu: watu wa gereji, wauza nyama, wanafunzi, bibi vizee waliokuja na mito ya kukalia. Vijana walimbeba padre kwenye kiti cha jikoni, mguu mbele kama mtaimbo. Doña Ignacia alikaa safu ya kwanza, kavaa viatu vya kufungwa. Meya alikuja, akatafuta kiti mbele, akakosa, akasimama.

Tulianza vizuri. Nyimbo mbili. Einar alikuwa amekula, aliimba kama maji. Mimi nilikuwa nyuma, sikai, natoka nje kutazama mawingu, narudi, natoka.

Wimbo wa tatu ndio ule mrefu, ambao Yhoselin anaongoza peke yake na wengine wanaingia mmoja mmoja. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza mvua iliposhuka. Haikunyunyiza kwanza. Ilishuka yote. Juu ya bati lile ikawa kishindo kimoja tu, huwezi kusikia hata mawazo yako. Nikaona upinde wake unakwenda na hakuna sauti. Nikaona mdomo wa Zoraida unahesabu. Watu walitazamana. Meya alinyanyua mikono kana kwamba anauliza nani wa kulalamikiwa.

Nilianza kwenda mbele kuwasimamisha. Nilikuwa nimefika katikati ya viti nilipomwona doña Ignacia. Alikuwa hajasogea. Macho yake yalikuwa juu, kwenye vyuma vya paa, yakikagua kimoja baada ya kingine, bila haraka. Kisha akayashusha kwa binti yake, na hakusema tokeni. Nikakaa kwenye kiti cha kwanza nilichokuta, kando ya padre.

Waliendelea. Sijui kwa muda gani. Walikuwa wanatazamana, kila mtu anasoma mkono wa mwenzake, fidla ya pili ikaingia, selo ikaingia, kichwa cha Yhoselin kikiinama kidogo kila sehemu mpya ya wimbo ilipoanza. Hatukusikia kitu. Mji mzima ulikaa ukitazama watoto wakipiga muziki kimya, na hakuna aliyeondoka. Padre alikuwa ameinama mbele, mkono wake mzima uko sikioni, uso wake kama wa mtu aliye chini ya ardhi.

Kisha mvua ikakata. Ghafla, kama ilivyoanza.

Na muziki ulikuwepo. Ulikuwa katikati ya safari, fidla, selo na kinubi vyote mahali pamoja, hakuna aliyetangulia, hakuna aliyebaki nyuma, kana kwamba tulikuwa tumefungua mlango wa chumba ambamo walikuwa wakiendelea kupiga tu. Mtu nyuma yangu alivuta pumzi kwa nguvu. Padre alisema neno moja kwa lugha ya kwao, sikulielewa. Walipiga mpaka mwisho, na maji yakidondoka kwenye kingo za bati.

Jumanne, 7 Aprili

Maestro Lisandro amefika leo, amevushwa kwa trekta, suruali imekunjwa hadi magotini, na tope hadi kwenye ndevu. Kundi lake limerudi Santa Cruz, yeye amekuja peke yake kuomba radhi. Alitukuta tunarudisha madawati ya shule. Yhoselin alikuwa pekupeku, kabeba dawati kichwani.

Nilimwambia ndiye huyo.

Aliomba amsikie. Yhoselin akasema peke yake hapigi, atapiga na wenzake, na akamtuma Einar azunguke nyumba zote. Walikuja hivyohivyo walivyokuwa, mmoja na nywele zenye sabuni, mwenye selo na udongo wa shambani mikononi. Wakapiga ule mrefu. Safari hii hapakuwa na mvua. Nilisikia sehemu kwa sehemu jinsi anavyowasubiri walio wazito na jinsi anavyowazuia wenye haraka, kwa bega tu.

Maestro alijikwangua tope ndevuni. Alisema nafasi ni yake, kuanzia Agosti. Tena akasema angependa mwenye selo naye aendelee kufundishwa, na mwakani atakuja kumsikia hata kwa kuogelea. Yhoselin alishukuru kwa adabu. Alisema atamwuliza mama.

Jumatano, 8 Aprili

Doña Ignacia amekuja dukani jioni. Ni mara ya kwanza kuingia bila kununua dawa. Aliweka kwenye kaunta vimkate vilivyofungwa kwa kitambaa, bado vya moto. Aliniuliza huko Santa Cruz mtoto atalala wapi.

Nilisema kwa dada yangu, karibu na shule, kitanda chake peke yake, na dada yangu anapika vizuri kuliko mimi.

Alisimama akisoma majina ya dawa rafuni, moja moja, bila haraka, kama alivyokuwa akikagua lile paa.

"Mwambie dada yako mtoto hali samaki," alisema mwishowe. "Usiku anajifunua, afunikwe. Na akinyamaza sana siyo kwamba hana neno. Akae naye karibu, asimwulize kitu, achekeche unga au afanye kazi nyingine yoyote. Atasema mwenyewe."

Nilisema nitamwambia.

"Mwambie sasa," alisema. "Nataka nikusikie ukimwambia."

Nikachukua simu nikampigia dada yangu, na doña Ignacia akavuta kiti.